Baraka ya Shangazi kwa Waziri

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na mwalimu wa Kiswahili akishazeeka kazini huanza kuamini kwamba hakuna neno linaloweza kumshinda. Ndiyo maana kiongozi akija huku Isiolo na kuhitaji mkalimani wa Kiborana, chifu hunipigia simu, nami hukubali kabla hajamaliza kuniomba. Sipati kitu ila soda na kiti cha mbele. Lakini naipenda kazi yenyewe. Napenda kushika maikrofoni na kuona watu wazima wakinitazama mdomoni wapate kujua wenzao wamesema nini. Nayasema haya mapema ili ijulikane kwamba kosa nitakalolisimulia halikutokana na ujinga. Lilitokana na majivuno.

Shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba, anaishi upande wa Kinna, ng'ambo ya Rapsu, mahali ambapo barabara huacha kuwa barabara ikabaki alama za magurudumu tu. Namwita Adaadaa, kama sisi Waborana tunavyowaita dada za baba zetu. Ana nyumba ya mabati aliyojengewa na mumewe, kaburi la huyo mume hatua chache nyuma ya nyumba, ng'ombe wawili waliobaki baada ya kiangazi kimoja kuwamaliza wenzao, na magoti ambayo, kwa maneno yake mwenyewe, yalistaafu kabla yake. Hakujaliwa watoto. Mtoto wake ni mimi, na sijawahi kuwa mtoto mtiifu.

Kijijini kwao serikali ilichimba kisima kwa mashine. Wakaweka sola, tangi, na ukuta mdogo uliopakwa rangi ya buluu. Maji yalitoka wiki chache, watu wakafurahi, kisha pampu ikanyamaza. Chifu akaambiwa, akaandika. Fundi akaahidiwa, hakuja. Mbuzi wakaanza kulala kwenye kivuli cha tangi, maana kivuli angalau kilikuwa bado kinapatikana.

Hapo ndipo waziri wa maji alipokuja. Alikuwa akizunguka kukagua miradi ya wizara yake, na baraza likawekwa kwenye uwanja wa shule, mbali kidogo na kisima chenyewe. Wazee walikutana siku moja kabla na kukubaliana kwamba msemaji wao awe Adaadaa. Yeye ndiye mkubwa kuliko wote, haogopi mtu, na sauti yake haihitaji maikrofoni. Kwetu mkishakubaliana msemaji, wengine hunyamaza. Hakuna atakayesimama pembeni kuongeza lake.

Niliujua ujumbe wake neno kwa neno, kwa sababu usiku ule nililala kwake na alinikariria mara tatu. Kisima kimekufa. Nani anajua kwamba kimekufa, na kwa nini haji? Basi, hayo tu.

Waziri alifika amechelewa, viatu vimejaa vumbi, macho mekundu ya mtu aliyekatiza wilaya mbili tangu asubuhi. Sikumchukia. Alikuwa na daftari dogo na alikuwa akiandika kweli, si kujifanya. Walizungumza wawili watatu wa kukaribisha, kisha Adaadaa akaitwa, msemaji wa mwisho.

Akaanza kubariki.

Kwetu mtu haanzi na shida yake. Mzee akisimama mbele ya mgeni humbariki kwanza: yeye, nyumba yake, watoto wake, safari yake, mvua, malisho, nchi nzima. Baada ya kila kipande waliokaa huitikia "nagaa", yaani amani. Baraka ikiisha ndipo neno huanza. Mwenye kujua hukaa akingoja, na baraka ikizidi kuwa ndefu, anajua kwamba neno linalofuata si dogo. Siku ile Adaadaa alibariki mpaka nyayo za mama yake waziri.

Nami nikatafsiri. Jamani, nilitafsiri! Sijui maneno yalikuwa yakitoka wapi. Kila kipande nilikipamba, nikakipa mizani, watu wakaitikia, waziri akaweka mkono kifuani, na nikaona macho yake yamelowa. Nilijisikia kama nimekuwa mtu mwingine. Adaadaa alipotua kidogo avute pumzi, mfawidhi wa hafla, kijana mmoja mwenye suti ya kubana, aliruka na kunyakua maikrofoni.

"Ahsante sana mama! Hebu mpigie mama makofi ya kilo! Mheshimiwa, umeona venye wananchi wamefurahi!"

Makofi yakapigwa. Waziri akaja, akamwinamia Adaadaa, akaishika mikono yake yote miwili, na mpiga picha akapiga picha. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilikuwa hatua mbili tu kutoka kwa waziri. Lakini watu wa wizara walikuwa wakinipongeza, mmoja ananiuliza nilisomea wapi, nami nikajibu. Nilipogeuka, magari yalikuwa tayari yanatimua vumbi.

Adaadaa alikuwa bado amesimama palepale. Alinitazama kwa mshangao mtupu, bila hasira.

"Kwani ameenda wapi?" akaniuliza kwa Kiborana. "Mimi bado sijaanza kusema."

Niliona aibu, lakini aibu ya juujuu. Nilijiambia waziri atarudi, chifu ataandika tena, mambo yatanyooka. Nikarudi zangu Bulla Pesa, mjini Isiolo, kwenye vyumba vyangu viwili vya kupanga, mfereji mmoja kwa ploti nzima, na kelele za majirani ambazo nimezizoea hata zikikoma siwezi kusahihisha mitihani.

Kisha kiangazi kikashika. Serikali ikaanza kupeleka malori ya maji, yale tunayoyaita bauza, kijiji kwa kijiji. Kijijini kwa Adaadaa bauza ilipita bila kusimama. Ilipita mara ya kwanza, watu wakadhani dereva amekosea. Ilipita mara ya pili, wazee wakasimama barabarani kuizuia. Dereva akawaonyesha karatasi yake kwa upole. Kijiji chao kilikuwa na alama: kisima kinafanya kazi. Yeye alikuwa ametumwa kwa wasio na maji.

Adaadaa akawa anakwenda na punda mpaka kwenye mashamba ya Rapsu, kuomba maji ya mfereji wa kumwagilia. Wenye mashamba ni watu wema, lakini wema nao huchoka ukiombwa kila siku, na magoti yake yalichoka kabla ya wema wao. Safari moja alianguka njiani. Punda alifika nyumbani peke yake na mitungi mitupu, ndipo majirani wakaenda kumtafuta.

Nikampigia simu na kumwambia mambo yamekwisha, auze ng'ombe, afunge nyumba, aje akae nami mjini. Nilisema kwa ukali, kama ninavyosema na wanafunzi.

"Nikija kwako nitakuwa mgeni mpaka nife," akasema. "Huku hata kaburi langu najua litakuwa upande gani."

Tukakubaliana hivi: akikosa maji mpaka mwisho wa muhula wa shule, nitakuja kumchukua, na hatabishana. Nilikata simu nikalia, kwa sababu nilijua nani aliyesimama hatua mbili kutoka kwa waziri akisifiwa Kiswahili chake.

Katika ploti yetu kuna jirani yangu mmoja, mzee wa Kisomali mwenye malori mawili yanayobeba mizigo mpaka Moyale. Babu yake aliletwa huku na Waingereza akiwa askari, akabaki, na ukoo mzima ukabaki. Katika nyumba ile kuna sanduku la bati lenye kila karatasi waliyowahi kupewa na serikali yoyote, tangu cheti cha babu cha kuachishwa jeshi. Wameulizwa sana wao ni nani, basi wamejifunza kutunza majibu. Nilimsimulia habari za bauza. Alinisikiliza huku akikoroga chai, kisha akaniuliza swali moja.

"Mwalimu, umeuliza kwa kuandika ama umeuliza kwa mdomo?"

"Chifu aliandika."

"Chifu ni chifu. Wewe umeandika?"

Akaniambia mambo ambayo mimi, mwenye shahada, nilikuwa nayajua kwa kichwa na sikuwahi kuyatumia kwa mkono. Kwamba sheria inamruhusu raia yeyote kuiuliza ofisi ya serikali inashikilia habari gani, nayo lazima ijibu. Kwamba barua iende nakala mbili, moja ibaki, moja igongwe muhuri na irudi na wewe. "Bila muhuri, hukufika," akasema. Nikaandika. Niliomba tu kujua kijiji kile kimeandikwaje kwenye orodha ya wizara, na kwa ushahidi gani. Nikagongewa muhuri, na nakala yangu yule mzee akaitia kwenye sanduku lake la bati, kando ya karatasi za babu yake.

Jibu lilikuja, na lilikuja na adabu zote. Kisima kilikuwa kinafanya kazi. Wananchi walikuwa wameridhika nacho na walimshukuru waziri hadharani. Ushahidi uliambatishwa.

Ushahidi ulikuwa picha. Shangazi yangu, mikono yote miwili ndani ya mikono ya waziri, kinywa wazi, katikati ya kubariki. Pembeni, sikio langu na nusu ya tabasamu langu.

Nilikaa na karatasi ile mapajani hadi chai ikapoa. Nimekasirikia watu wengi katika maisha yangu, wakaguzi wa shule, wakuu wa idara, mume niliyeachana naye, lakini sijawahi kukasirika namna ile, maana kila nilipotafuta wa kumgombeza nilikuta ni mimi. Yule kijana aliyenyakua maikrofoni hakujua mila zetu. Waziri hakujua. Aliyejua na mwenye kazi ya kuwaambia alikuwa mmoja tu katika uwanja ule, na alikuwa akilipwa kwa soda.

Muhula ulikuwa umebakiza wiki tatu chifu aliponipigia simu. Waziri anarudi, mara hii mjini Isiolo, kusikiliza maoni ya wananchi. Wamemtaka yule mkalimani wa siku ile. "Wanasema ulitafsiri vizuri sana," chifu akaniambia, na sikujua nicheke au nitupe simu.

Jirani yangu alimpa dereva wake amri apitie njia ya Kinna, na Adaadaa akaja mjini kwenye lori la saruji, amekaa mbele kama bibi harusi. Nilimwonyesha picha. Aliitazama kwa muda mrefu.

"Nimetoka vizuri," akasema. Kisha nilipomweleza picha imefanya kazi gani, akaigeuza uso chini juu ya meza.

Usiku ule nilimsihi. Nilimwambia mawaziri hawana muda, aanze moja kwa moja na swali, baraka aiweke mwisho. Alikataa katakata. "Unataka nimrukie mtu aliyesafiri, hata sijamtakia amani? Kama ana kosa, ndiyo maana zaidi nimwombee. Mimi sina maneno ya kuanzia hapo katikati unapotaka wewe." Nilibishana mpaka jirani akagonga ukuta. Hakubadilika.

Ukumbi ulijaa. Walizungumza wafanyabiashara wa mjini, wafugaji wa Ngaremara kwa mkalimani wao wa Kiturkana, vijana kwa Sheng. Kisha Adaadaa akaitwa. Akasimama kwa kushikilia bega langu, akatoa salamu, "Assalaam aleikum", akaitikiwa. Akafumba macho, akaanza kubariki.

Kipande cha kwanza kikaitikiwa, "nagaa". Waziri akanigeukia, ameshaanza kutabasamu, anasubiri yale maneno matamu. Sikutafsiri.

"Mheshimiwa," nikasema, "mama anakubariki. Hizi si shukrani. Kwetu hivi ndivyo mtu anavyobisha hodi. Bado hajaanza kusema. Naomba usiinuke mpaka aingie ndani."

Ukumbi ukacheka, si kwa dharau. Mfawidhi, kijana yuleyule, akanyoosha mkono kuchukua maikrofoni. Nikaificha nyuma ya mgongo kama mtoto. Waziri akamwashiria akae. Kisha akaweka kalamu chini, akakunja mikono, akangoja. Adaadaa alibariki barabara, mifugo, watoto wa shule, mipaka na wanaoilinda. Watu waliokaa nyuma, hata wale wa Kimeru wasiojua Kiborana, walishika mwitikio, wakawa wanaitikia nao. Na mimi nilinyamaza, kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya.

Akafumbua macho.

"Sasa nasema," akasema, na sasa nikatafsiri, kavu, bila pambo hata moja. "Kisima chetu kimekufa. Kilikufa kabla hujaja kwetu. Wewe umeandika kinafanya kazi, na kwa sababu umeandika hivyo, maji ya lori yanatupita. Nani alikuambia kinafanya kazi?"

Waziri alipekua karatasi zake. "Mama, hapa kwangu inaonyesha maji iko. Na wananchi walishukuru."

Nikampa ile barua na picha yake. Aliitazama, akamtazama Adaadaa, akaitazama tena. Uso wake ulibadilika polepole, na nakiri nilimhurumia. Si jambo dogo kugundua mbele ya ukumbi mzima kwamba ushahidi wako umesimama mbele yako na unakukana.

"Huyu mama kwa picha ni huyu?"

"Ni yeye."

"Na siku hiyo alikuwa anasema nini?"

"Alikuwa hajaanza kusema, Mheshimiwa. Ulipigiwa makofi kabla. Mkalimani nilikuwa mimi, nami sikukwambia. Kosa hilo ni langu. Lakini tangu siku hiyo hakuna mtu wako aliyekwenda kufungua mfereji aone kama kuna maji."

Msaidizi wake akainama kumnong'oneza, waziri akamsukuma pembeni taratibu kwa kiganja. Angeweza kusema suala litashughulikiwa. Wamesema wengi, na tumewasikia. Alivuta maikrofoni, akasema, "Sikujua. Nilipaswa kujua. Pole, mama."

Nilimtafsiria Adaadaa. Akatikisa kichwa kukubali, lakini hakukaa.

"Mwambie pole yake nimeipokea. Sasa aniambie atakayekuja ni nani, na siku gani. Aseme kwa hiyo sauti kubwa, wote wasikie."

Waziri akamwita mhandisi wake, akamsimamisha, akamtajia siku mbele ya watu: Jumatano. Na bauza, akasema, ianze kesho. Waandishi wa redio waliokuwa ukumbini wakaandika. Jirani yangu mwenye sanduku, aliyekuwa safu ya nne, akaandika pia.

Jumatano mhandisi hakuja. Nililala siku hiyo nimekata tamaa, nikipanga kichwani kitanda cha Adaadaa kitaingiaje kwenye chumba changu. Alikuja Alhamisi jioni. Kifaa kimoja kidogo kinachounganisha sola na pampu kilikuwa kimeungua, kadiri ya kiganja cha mkono. Ijumaa wakati wa swala ya adhuhuri, Adaadaa alinipigia simu bila kusema neno. Aliinyoosha tu simu, nami nikasikia maji yakigonga chini ya tangi tupu.

Siku shule ilipofungwa nilikuwa nimekaa nyumbani. Safari ya kwenda kumchukua haikuwepo tena. Nilifurahi sana, na, niseme ukweli, nilihisi upweke kidogo, maana nilikuwa nimeshaanza kumnunulia shuka.

Wiki iliyofuata alikuja mwenyewe, kwa lori lilelile, na mtungi wa maji miguuni. Anasema maji ya Bulla Pesa yana harufu ya bomba. Ya kwake yana chumvi kidogo, lakini sikuthubutu kusema. Tulikunywa chai ya maji yale, yeye, mimi na jirani, kisha akaniagiza nilete karatasi na kalamu.

"Siku ile ukumbini ulimnyima mtu baraka yake," akasema. "Kiswahili sijui, lakini masikio ninayo. Nilibariki muda mrefu, wewe ukasema pumzi moja. Alikaa akangoja vizuri, na hakupewa. Mwandikie yote."

Nikaandika yote. Nyumba yake, watoto wake, safari zake, viatu vyake visimchome, mama yake apewe miaka. Kurasa mbili kamili, kwa Kiswahili changu kizuri kuliko vyote, na mara hii sikujionea aibu. Nilipofika mwisho nikaweka nukta, nikafunika kalamu na kumwuliza kama atatia alama ya kidole.

Adaadaa alikuwa akitazama nje, upande ambako wale wafugaji wa Ngaremara huwa wanapita. Kule ukumbini alikuwa amekaa nao benchi moja, na walikuwa wamemweleza, kupitia mkalimani wao na mimi, kwamba kisima chao nacho kimekufa.

"Fungua kalamu," akasema. "Bado sijaanza kusema."